Kirusi Kwapani

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nafasi ya masomo Morogoro ni moja. Kwenye maabara yetu ya mifugo hapa Bariadi tunaoitaka ni wawili, mimi na Klementina. Dokta Mihayo kasema Ijumaa kila mmoja alete slaidi moja inayoonyesha kirusi cha kuku ndani ya kiini cha seli. Kiini kiwe cha buluu, kirusi cha kijani. Miaka sita naosha chupa hapa. Nikikosa, nitazikwa na brashi mkononi.

Jumanne, 10 Juni
Umeme umekatika asubuhi. Kabati la joto likaanza kupoa, na seli zikipoa zinakufa. Nikafunga vizuri chupa yangu ya seli zenye kirusi, nikaibana kwapa la kulia hadi saa kumi. Mzee mmoja wa Bukundi, kaleta kuku wagonjwa, akanisalimu mwadila. Nikampa mkono wa kushoto. Akauliza ni nani aliyenilea. Klementina alikuwa Lamadi kuchukua sampuli. Chupa yake sikuigusa. Makwapa ninayo mawili, lakini nafasi ni moja.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepaka rangi, nimeweka slaidi kwenye hadubini. Kijani kimejaa ndani ya viini! Nikamwita mlinzi aone. Nikamwita mama wa chai. Nikaendelea kutazama peke yangu. Kufika saa sita kijani kimefifia chote, mwanga umekula rangi. Nimejifungia chooni nikalia.
Jioni akili ikarudi. Slaidi ya Klementina ilikuwa mezani. Nikabandua karatasi za majina, nikazibadilisha.

Ijumaa, 13 Juni
Dokta kaanza na yangu, yaani ya Klementina. Buluu tu. Kasema seli hizi zilipoa, kirusi hakikupata nafasi. Klementina akasema kwa unyonge kwamba na yake haina kitu, aliichungulia jana, asijisumbue. Dokta akaiweka hivyo hivyo. Hakuona kitu. Akaisogeza kidogo. Kijani, viini vyote! Kumbe rangi ilififia pale pale tu nilipokodolea macho. Klementina analia, anamshukuru Mungu. Na mimi kusema ukweli siwezi. Nimempa mkono wa pongezi, wa kulia.

Jumatatu, 16 Juni
Klementina kaenda Morogoro. Chupa zake naosha mimi. Sina hamu hata ya kula. Lakini mwezi wa tisa kuna nafasi nyingine, kwa slaidi tena, nagombea na Boniventura wa hapa hapa maabara, na kosa langu nimelijua: nilibadilisha slaidi bila kuiangalia kwanza ya mwenzangu. Ya Boniventura nitaiangalia vizuri. Asubuhi nzima.