Jinsi Mama Jemadari Alivyokula Keki

Sogeeni karibu, enyi wenye masikio, na mwenye kikombe mkononi akiweke chini, maana habari ninayoileta haifai kusikilizwa huku mtu anatafuna. Wapo waliosimulia kuanguka kwa ngome na kutawanyika kwa majeshi. Hao wana kazi yao, na tuwaache nayo. Mimi nitawasimulia jinsi mwanamke mmoja, mshonaji kwa kazi na mama kwa cheo, alivyokula kipande cha keki alasiri moja akiwa ameketi kitini, na lisitokee baya lolote. Anayeona jambo hilo ni dogo na avumilie hadi mwisho, kisha apime mwenyewe.

Mwanamke huyo, kabla ya kuzaa, alikuwa mtu wa maziwa. Asubuhi alikunywa chai nzito iliyochemshwa kwa maziwa matupu, adhuhuri alimaliza bakuli la mtindi, na siagi aliipaka kwenye mkate kama fundi anayepiga lipu ukuta. Cherehani yake ilikaa kando ya dirisha la chumba cha mbele, na wateja walioleta suruali za kupunguzwa walimkuta daima na kikombe pembeni, mkasi mkononi, midomo ikishikilia pini, akiitawala meza ile kama malkia asiye na mpinzani. Kisha akazaliwa mtoto wa kiume. Baba yake alipomwona amekunja uso na kukaza ngumi, akamwita Jemadari, na jina likaganda; na mama naye, tangu saa ile, akawa Mama Jemadari.

Jemadari alinyonya kwa bidii, lakini kila aliponyonya alijikunja mgongo kama upinde na kulia mpaka sauti ikakauka. Mashavu yake yakawa mekundu na makavu, yenye upele uliotoa maji. Siku moja mama yake alifungua nepi akakuta ute, na ndani ya ute nyuzi za damu. Hapo masihara yakakoma katika nyumba ile.

Wakaenda kwa daktari wa watoto, mwanamke mfupi aliyevaa miwani yake juu ya paji la uso na kuitafuta mezani. Alipokwisha kumpima mtoto akanena, akasema, "Mama, maziwa yako hayana kosa. Ila unachokula wewe, kidogo chake kinapenya kinamfikia yeye, na mwili wake unakipokea kama adui aliyeruka ukuta. Ukitaka kuendelea kunyonyesha, na mimi ningependa uendelee, utaacha maziwa ya ng'ombe na kila kitokanacho nayo. Na soya pia, maana wengi wanaokataa kile wanakataa na hiki. Sisemi upunguze. Nasema uache."

"Na siagi, daktari?"

"Na siagi."

"Hata ya kukaangia yai tu?"

"Hata hiyo. Ya kunusa, ruksa."

Mama Jemadari alirudi nyumbani. Akafungua jokofu, akatoa mtindi, jibini na pakiti za maziwa, akavitoa sadaka kwa jirani wa mlango wa pili, aliyevipokea kwa uso wa huzuni na mikono ya haraka. Akadhani vita vimekwisha. Kumbe adui alikuwa na wapelelezi kila mahali. Alikuwa ndani ya mkate, amejificha kwa jina la unga wa soya. Alikuwa ndani ya biskuti, ndani ya soseji, ndani ya vidonge vya mchuzi, na ndani ya mafuta ya kupikia yaliyojiita mafuta ya mimea pasipo kusema mmea gani. Mume wake, fundi wa majokofu, mtu mrefu na mpole aliyezoea kutafuta hitilafu ndogo gizani, alipiga magoti dukani mbele ya rafu za chini, akamulika pakiti kwa simu, akasoma maandishi membamba kama mguu wa sisimizi.

"Kaka," muuzaji akamwuliza, "unatafuta kilichoharibika?"

"Natafuta kisicho na kitu," fundi akajibu, akaendelea.

Basi Mama Jemadari akala wali, maharage, nyama, mboga za majani na matunda, akanywa chai kavu iliyomtazama kutoka kikombeni bila huruma. Alishiba. Lakini kushiba ni jambo moja na kuridhika ni jingine, na kila alipokatiza mbele ya duka la mikate alitembea haraka kama mtu anayedaiwa. Hata hivyo hakurudi nyuma, kwa kuwa mashavu ya Jemadari yalianza kulainika, nyuzi za damu zikatoweka, na mtoto akajifunza kucheka; alicheka feni ya darini, alicheka cherehani, alicheka kila kitu kilichozunguka.

Ndipo akaja mama mkwe.

Huyu alikuwa mpishi wa shule ya bweni kabla ya kustaafu, na vizazi vya wanafunzi vilimwita Mwiko, kwa kuwa hakuonekana bila nao. Alilisha mabweni mazima kutoka katika masufuria yenye kina cha mtu kuoga. Keki yake ya siagi ilikuwa na sifa kiasi kwamba wanaume wenye mvi, wakikutana naye njiani, waliiulizia kabla ya kuiulizia afya yake. Alikuja na mkoba, na aproni, na mwiko, akaelezwa amri ya daktari. Akasikiliza hadi mwisho, kwani alikuwa na adabu, kisha akasimama katikati ya jiko akahutubu.

"Mwanangu, sikupingi. Lakini mimi nimelisha watoto wa watu wasiohesabika, na sijamwona hata mmoja aliyeangushwa na siagi. Mama anayenyonyesha anataka nguvu. Wewe umekonda, shingo imekuwa kama ya chupa. Huo wali na majani utakufikisha wapi?"

"Mama, nashukuru unavyonionea huruma," akajibu Mama Jemadari. "Ila naomba tufuate alivyosema daktari. Mtoto amepata nafuu kwa njia hiyo."

"Haya," akasema Mwiko, na neno hilo akalitamka kwa namna ambayo mwanawe, aliyekuwa mlangoni, aliitambua tangu utotoni, akaogopa.

Siku iliyofuata Mwiko akapika viazi vya kuponda. Vilikuwa viazi vyeupe, laini kama pamba. Mama Jemadari akaongeza sahani.

"Vimelainika sana, mama."

"Ni mkono tu," akasema Mwiko, akageukia sinki.

Kesho yake Jemadari akajikunja tena. Mashavu yakawaka, kilio kikajaa nyumba, na nepi ikarudi na nyuzi zake nyekundu. Mama Jemadari akaketi ukingoni mwa kitanda, mtoto mapajani, akaanza kujihukumu mwenyewe. Mume wake alikuwa amesimama karibu na kabati, ameshika nepi safi, hajui aifanye nini.

"Ni mimi," akamwambia mumewe. "Kuna kitu nimekula. Labda mayai. Nitaacha mayai. Nitaacha nyama, nitaacha maharage. Na ikishindikana nitaacha kunyonyesha, maana namnywesha sumu mwanangu kwa kifua changu mwenyewe."

Maneno hayo yalisikika mpaka jikoni, na yule aliyekuwa jikoni akaja mlangoni. Mwiko alitazama nepi iliyofunuliwa. Akaitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ameona mengi katika maisha yake, lakini damu ya mjukuu wake hakuwa ameiona.

"Usiache mayai," akasema. "Niliweka siagi kwenye viazi. Kijiko kimoja. Nilijua hutaitambua ladha yake."

Fundi wa majokofu alijikuta amesimama kati ya mama na mke, mrefu na asiye na faida, kama mlingoti wa bendera siku isiyo na upepo. Mama Jemadari akampa mumewe mtoto, akaenda chumba cha mbele, akaketi kwenye cherehani, akachukua kitambaa kibovu na kukishona kwa mstari ulionyooka, akageuza, akashona tena, mpaka uzi ukaisha. Ndipo akazungumza, bila kugeuka.

"Mama, ungenizaba kofi ningekusamehe kabla ya chakula cha jioni. Lakini ulinilisha nikakusifu. Nikala, nikakushukuru, nikaenda kumnyonyesha."

"Sikuamini," akasema Mwiko. "Niliona mmetiwa woga tu huko hospitali."

"Na sasa?"

"Sasa nimeona kwa macho yangu."

Hakuongeza neno, na kwa mtu wa hotuba zake, huko kulikuwa kujisalimisha na silaha zote.

Jemadari alipopoa, Mwiko alifunga aproni, akaingia jikoni na kutangaza kwamba haondoki nyumba ile mpaka mkwewe ale keki. Ukaanza mzingiro ambao mitaa ya jirani iliufahamu kwa harufu. Alibadilisha siagi kwa mafuta ya alizeti, na maziwa kwa maji ya machungwa na ndizi mbivu zilizopondwa. Keki ya kwanza ililala katikati kama godoro la zamani. Ya pili ilipasuka. Ya tatu ilikuwa ngumu kiasi kwamba fundi, aliyekuwa na wajibu wa kula majeruhi wote, aliitafuna kwa upande mmoja wa kinywa na kusema ni nzuri, mama, ni nzuri. Mwiko akamtazama kwa dharau, akavunja mayai mengine. Kuna waliompita dirishani wakamsikia akiongea na unga, akiusihi, akiukaripia, akiukumbusha fadhila zake.

Hata alasiri moja keki ikatoka ikiwa imeinuka, kahawia, yenye mgongo wa heshima. Mwiko akaiweka mezani chumba cha mbele, na kando yake akapanga pakiti ya unga, sukari, chupa ya mafuta, maganda ya mayai na ya ndizi, na machungwa yaliyokamuliwa, kama jemadari aliyeshindwa anayekabidhi panga zake moja moja.

"Hivi ndivyo nilivyoweka," akasema. "Hakuna kingine. Soma mwenyewe, mwanangu, usichukue neno langu."

Mama Jemadari akasoma. Akasoma pakiti ya unga mbele na nyuma. Akaishika chupa ya mafuta, akaielekeza dirishani, akasoma, akairudisha. Kisha akamtazama mama mkwe usoni, na hapo ndipo palipokuwa na vita vyenyewe, maana pakiti zinasomeka, bali mtu hasomeki. Akavuta kiti. Akaketi.

Akakata kipande, akala.

Alikula polepole, macho amefumba, na hakuna aliyethubutu kusogeza hata kijiko. Ilikuwa tamu. Haikuwa keki ya siagi na haikujidai kuwa hivyo. Alipomaliza alifuta vidole, akasema, "Mama, hii sasa ni mkono." Mwiko akakohoa, akaanza kukusanya maganda.

Lakini ushindi haukutangazwa siku ile, kwa kuwa keki ilikuwa bado na mahakama ya kupita. Wakangoja siku ile na iliyofuata, wakimchunguza Jemadari mashavu kama wakulima wanaochunguza mawingu. Mtoto akacheka feni. Hatimaye ishara ikasikika, nzito na isiyo na shaka, na watu wazima watatu wakakusanyika kuzunguka kitanda. Mama Jemadari akafungua nepi. Mwiko akavaa miwani, akainama, akakagua kwa uzito wa mtu aliyeonja masufuria ya mabweni.

"Nimeangalia," akatangaza. "Hamna kitu. Yaani kitu kipo, lakini ni kile chenyewe."

Basi na ijulikane kwa waliopo na watakaozaliwa, kwamba katika nyumba ile, mbele ya mashahidi wawili na mhusika mmoja aliyelala chali, keki ilihukumiwa na kuonekana haina hatia. Falme zimesimama kwa mambo madogo kuliko hayo. Mama Jemadari akamfunga mwanawe nepi safi, akambeba begani, akaenda mezani kukata kipande cha pili. Akakila kwa mkono mmoja, amesimama. Makombo yakamdondokea Jemadari kichwani, na hakuna aliyekimbilia kitambaa.