Sufuria Tatu Juu ya Bati

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Dada yangu mpendwa, hujambo? Magoti yanaendeleaje? Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Ulisema niandike kidogo kila siku, kwa kuwa barua nzima hunishinda, kisha nitume kurasa zote pamoja. Basi naanza.

Ndoa ina wiki mbili. Wifi yako mtu mwema. Tatizo ni jiko. Kibanda chenyewe, nyuma ya nyumba, ni hatua tatu kwa nne, naye amekuja na sufuria zake tatu za enzi alipopikia shule. Ya katikati naweza kuoga ndani yake. Kabati langu limekosa nafasi, liko uani limefunikwa shuka. Nimedokeza kwamba watu wawili hawali chakula cha watoto mia mbili. Kasema sufuria hazitoki. Kasema pia maisha yake yote amepika kwenye majiko ya watu, na Jumamosi anataka kupika chai ya kwanza kwenye lake. Hadi siku hiyo tunakula kwa kaka yake.

Jumanne, tarehe 5

Shemeji ni fundi wa kuezeka. Kwake unakula na maneno. Leo kaniuliza mbele ya watu kama dada yake nimemwoa au nimemwazima, maana kila jioni namrudisha. Wakacheka wote. Mke wangu alichekea ndani ya kikombe. Halafu shemeji akasema misumari ya kibanda chetu imeliwa na kutu na mawingu haya si ya kuchezea, atakuja kesho na nyundo. Nikamwambia asante, nina mpango. Sikuwa nao. Lakini fundi saa kama mimi, miaka ishirini kazini, hashindwi na bati nne.

Jumatano, tarehe 6

Mpango umenijia katikati ya sala ya asubuhi, kwa hiyo sina shaka umetoka wapi. Bati linataka uzito. Sufuria zinataka mahali. Mke alipokwenda sokoni nikapanda ngazi, nikazipanga zote tatu juu, mchanga kidogo katika kila moja. Kabati likaingia. Limekaa kama lilizaliwa pale.

Mke aliporudi alichungulia kibandani. Akauliza sufuria ziko wapi. Nikamjibu zinalinda nyumba. Akatazama juu, akasema haya baba, mwenye macho haambiwi tazama. Hakugomba. Nimeuhesabu kuwa ushindi.

Alhamisi, tarehe 7

Dhoruba. Saa tisa alasiri upepo ulivuma, majirani wakakimbiza nguo zao, bati letu halikunyanyuka hata ukucha. Nikamwita mke aje ajionee. Nilikuwa nimeshika kiuno.

Kisha ikaja mvua, tukajikinga kibandani, na hapo pana jambo ambalo sikulifikiria. Sufuria iliyo wazi hujaa. Ile ya katikati peke yake inameza ndoo sita. Boriti ikaguna kama mzee anayeinuka kitini. Mke akanivuta kwa ukosi wa shati hadi uani. Bati likakunjika, sufuria zikashuka moja moja juu ya kabati langu. Ya mwisho ilitua wima, imejaa, haina hata mkwaruzo. Kabati sasa ni kuni.

Mke alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu akaendelea kuyafuta, wala hakuwa anacheka tena. Akasema alitaka chai tu. Dada, hilo liliniingia.

Ijumaa, tarehe 8

Nilikwenda kwa shemeji. Njia nzima nilisali asiwepo. Alikuwepo. Akachukua nyundo kabla sijamaliza kueleza. Alibeba boriti mpya na misumari. Mimi nilishika ngazi. Jioni akaniambia nimeishika vizuri.

Jumamosi, tarehe 9

Jiko limewashwa, kwa kuni za kabati. Zinawaka vizuri, mbao ile ilikuwa ya kweli. Mke kapika chai kwa kisufuria cha vikombe vitatu. Akamimina mwenyewe. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, kwa urefu, na shemeji akaitikia Amina kabla sijamaliza. Sufuria kubwa zimerudi ndani. Zimejaza kibanda, tulikunywa tumesimama.

Nimetafakari sana, dada. Mpango haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa vifuniko. Vyote vitatu vilikuwa rafuni, wala sikuvikumbuka. Na sasa bati lina misumari mipya, kwa hiyo litabeba uzito zaidi. Lile kabati lako la zamani bado unalo? Naomba unijibu upesi, kabla ya Jumatano. Jumatano mke huenda sokoni.