Nusu ya Bibi wa Kopa

Kipenga alikiona kiwanja kile kabla hajaanza kukitafuta. Mimi na wewe tungeona ukuta uliobomoka, nyasi na rundo la matofali ya mtu aliyeishiwa. Yeye aliona magari yamejipanga. Ilikuwa asubuhi ya mashindano ya mpira wa wavu wa ufukweni. Barabara ya pwani ilikuwa imefungwa, foleni imelala tangu kwenye mzunguko, na watu wenye magari ya maana wameanza kutoa vichwa madirishani kuulizana njia. Waandaaji walikuwa wameweka kibao chenye mshale, MAEGESHO BURE, kuelekea uwanja wa shule iliyokuwa mbele kidogo. Kipenga alisimama mbele ya kibao kile, akakisoma chote kwa heshima, kisha akakigeuza kikaelekea baharini.

Halafu akavaa kizibao cha kung'aa, akaweka filimbi mdomoni, akapuliza. Basi. Sisi watu wa mji huu hatujawahi kumuuliza mtu mwenye kizibao na filimbi ametumwa na nani.

"Bosi, maegesho ya watu wote ni kule mbali," alimwambia kila dereva kwa sauti ya chini. "Utatembea na jua hili mpaka shati likugande. Hapa ni wageni maalumu tu." Kisha anarudi nyuma hatua moja, anakutazama vizuri. "Ngoja kwanza. Wewe si yule wa...?"

Hamalizi. Ufundi wote uko hapo. Nayajua haya kwa sababu na mimi nilikuwemo kwenye foleni, na nilipoulizwa kama si yule wa, nilivua miwani ya jua taratibu nikajibu, "Ndiye." Mpaka leo sijui ni nani. Nililipa bila kuomba kupunguziwa, maana mtu wa hadhi yangu haombi kupunguziwa.

"Acha na ufunguo, mheshimiwa. Tunayapanga kwa kubanana."

Nikaacha. Akachukua karata moja, ile ya kuchezea, akaichana katikati. Nusu akanipa, nusu akaitundika pamoja na ufunguo wangu kwenye ubao uliojaa misumari. Ukirudi, nusu zako mbili zinaunganishwa, meno ya mchano yakikubaliana unapewa gari. Niliona mji umeendelea. Nikaitia mfukoni nusu yangu ya saba ya uru, nikaelekea ufukweni kifua mbele.

Sasa, kiwanja kitupu hakiingiwi. Mtu anaegesha palipo na mtu. Kwa hiyo chambo, gari la kwanza kabisa, jeupe, linalong'aa, lilikuwa la mama mkwe wa Kipenga.

Hapo panahitaji maelezo. Kipenga na mkewe walikuwa wakikaa chumba cha nyuma nyumbani kwa mama mkwe, bila kodi, kwa kuwa shughuli zote za Kipenga zilikuwa karibu kulipa na hazikuwahi kufika. Gari lilikuwa la marehemu baba mkwe, na mjane wake alilifuta vumbi kwa mkono wake kila asubuhi. Siku hiyo Kipenga aliliomba kwa madai kwamba breki zinapiga kelele, analipeleka kwa fundi.

"Baba," mama mkwe alimwambia huku ameushikilia ufunguo, "hili ni gari la marehemu. Uongo nimeuvumilia mwingi. Mmoja tu tena, mtatafuta pa kulala, wewe na mke wako."

"Mama, mimi nikudanganye wewe?"

"Ndiyo," mama mkwe akasema, akampa ufunguo.

Basi gari la marehemu likakaa mbele kabisa. Ili wateja waone utaratibu unavyokwenda, Kipenga akachana karata ya bibi wa kopa, nusu moja akaibana chini ya waipa ya kioo, ionekane. Nusu ya pili akaitundika na ufunguo kwenye msumari wa kwanza. Alijisifu sana kwa jambo hilo, na anakiri mwenyewe kwamba huwa anajisifu zaidi pale anapokosea.

Ilipokaribia mchana kiwanja kilijaa na mifuko yake ikatuna, akawa anatembea kama mtu aliyebeba mayai. Akafungua gari, akazisukuma pesa zote chini ya zulia la dereva, akafunga, ufunguo akaurudisha msumarini. Hakuna mahali salama kuliko kwenye gari linalolindwa.

Kilichobaki ni mlinzi, kwa sababu naye alitaka kuona mpira. Juu ya ukuta uliobomoka alikuwa amekaa mzee mmoja, askari magereza mstaafu tunayemwita Afande, anayatazama magari kama anayahesabia makosa.

"Afande, nishikie ubao huu. Sheria ni moja tu. Mwenye nusu anapewa, asiye na nusu hapewi. Hata akija mama yangu mzazi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Mzee akanyoosha mgongo. Tangu astaafu hakuna mtu aliyekuwa amempa sheria ya kusimamia, na machozi yalimlengalenga. Kipenga akamvisha na kile kizibao, akaenda zake.

Kitu ambacho Kipenga hakukijua, na angekijua kama angekuwa anasikiliza mazungumzo ya mezani, ni kwamba mjukuu wa mama mkwe alikuwa anacheza siku ile. Habari za mjukuu huyo alizokuwa nazo ni kwamba anakula sana. Bibi yake alikuja na basi, basi likamshusha kwenye mzunguko, na kutoka pale alitembea, viatu mkononi, kimto cha kukalia kwapani, akilaumu kila hatua breki zilizomnyima gari leo. Akakunja kona. Gari lake hilo hapo, limepozi.

Mwingine angepiga kelele. Yeye alisimama kando, akatazama jinsi wenzake wanavyofanya. Huyu anatoa kikaratasi, yule mzee anakiunganisha na kingine, ufunguo unatoka. Akasogea kwenye gari lake, akachomoa bibi wa kopa chini ya waipa, akampelekea Afande. Meno yalikubaliana.

Afande akapiga saluti, akampa ufunguo na nusu zote mbili. Akamfungulia mlango, akasimamisha foleni nzima ili mama apite. Mama akaliegesha gari uwanja wa shule, bure, akaenda kumshangilia mjukuu wake.

Kipenga alirudi na koni ya aiskrimu mkononi. Mahali pa gari lake palikuwa na alama za tairi tu.

"Afande, lile jeupe liko wapi?"

"Limechukuliwa."

"Na nani?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi."

"Una karata?"

"Afande, mimi ndiye niliyekuajiri."

"Nakumbuka. Ulisema hata wewe."

"Nilisema hata mama yangu asipewe."

"Asiye na nusu. Huyu mama alikuwa nayo." Afande akashusha sauti kidogo. "Mama mmoja mstaarabu, viatu mkononi. Aliniuliza swali moja tu, kama nimesikia breki zikipiga kelele. Nikamwambia zinakamata vizuri kabisa."

Ile koni ilimyeyukia Kipenga mkononi mpaka kwenye kiwiko. Polisi hawezi kwenda, atawaambia aliegesha wapi? Kudai pesa hawezi, zimeondoka na gari. Akaomba angalau kizibao chake.

"Nenda kapumzike, kijana," Afande akasema. "Zamu naimalizia mimi."

Mimi nilifika muda huohuo. Nikatoa saba ya uru yangu, nikapigiwa saluti, nikatoka nikijiona mtu. Sikuwa nimefika mbali nikakutana na geti la shule, MAEGESHO BURE, uwanja umekaa nusu mtupu na kivuli juu. Nilivaa miwani yangu tena.

Kipenga alirudi nyumbani kwa miguu, akitunga. Kufika kwenye duka la kona alikuwa na uongo wa fundi aliyekimbia na gari. Kufika mtaani kwao alikuwa na mwingine mzuri zaidi, una majambazi na yeye mwenyewe akipigana. Alipoingia uani gari lilikuwa limesimama mahali pake pa kila siku, limeshafutwa vumbi, na uongo wake wote ukamfia mdomoni.

Mkewe alikuwa mlangoni. "Mama anakusubiri," akasema. "Mume wangu, nakuomba, safari hii usitunge. Mimi nimechoka kuhama."

Mama mkwe alikuwa mezani. Mbele yake kulikuwa na bibi wa kopa, nusu mbili zimewekwa pamoja, na pembeni furushi la noti lililofungwa kwa leso.

"Fundi wako ana kiwanja kikubwa," mama mkwe akasema.

Kipenga akajifuta aiskrimu iliyomkaukia kiwikoni.

"Nimekuta hizi chini ya zulia. Za nani?"

Kipenga alinieleza baadaye kwamba alifungua mdomo kusema ni akiba ya marehemu. Sentensi ilikuwa tayari, ina machozi ndani yake. Akamtazama mkewe. Akaitazama karata. Akajiona yeye mwenyewe na godoro kichwani, barabarani.

"Zangu, mama," akasema. "Gari halikwenda kwa fundi. Nimewaegeshea watu magari kwenye kiwanja kisicho changu, na kibao cha bure nilikigeuza mimi." Kusema kweli kulimpa shida, hakuwa amezoea.

Mama mkwe akakaza fundo la leso.

"Haya. Leo umesema kweli, mtalala ndani." Akalivuta furushi upande wake. "Na hii ni kodi ya chumba, ya miezi yote iliyopita. Nilikuwa najiuliza itatoka wapi."

Nasikia mkewe alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake ilikuwa fainali, mjukuu amefuzu, na dereva akawa Kipenga, kwa amri. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma na kimto chake. Walipokunja kona wakakuta kibao kimegeuzwa tena kuelekea baharini, na kwenye ukuta uliobomoka ubao mpya wenye misumari iliyonyooka vizuri. Afande akapuliza filimbi, wakasimama. Akainama dirishani, uso mkavu.

"Maegesho ya watu wote ni kule mbali," akasema. "Hapa ni wageni maalumu tu." Akarudi nyuma hatua moja, akamtazama Kipenga vizuri. "Ngoja kwanza. Wewe si yule wa...?"

Kipenga akatazama usukani.

"Ndiye," mama mkwe akajibu kutoka nyuma. "Mtoze mara mbili."