Shati la Kwenda kwa Mzee Bernadi

Jumatatu, 12 Julai 1993. Mapera.
Balaa! Mzee Bernadi katangaza jana nje ya kanisa: anayemtaka binti yake Edina asikanyage nyumbani kwake na kafa Ulaya mwilini. Nami Jumapili naenda kujitambulisha! Nguo zangu zote ni mitumba, mpaka soksi. Kilian, anayemmezea mate Edina huyohuyo, kashapimwa shati kwa fundi wa Mbinga mjini. Nyodo tupu. Basi na mimi nitajishonea mwenyewe. Kushona kuna nini?

Jumanne, 13 Julai.
Nimenunua kitambaa cha tetroni ya bluu. Kisha nikachambua mitumba ya muuzaji Ramadhani gulioni, nikapata shati moja maridadi, nikalifumua lote. Vipande vyake ndivyo vipimo vyangu. Mzee atajulia wapi? Mimi nina akili jamani! Kifuani lina mikunjo miwili ya kulitunisha. Mitindo ya Ulaya hiyo. Nimeiiga yote.

Alhamisi, 15 Julai.
Cherehani ni ya dada Kunigunda, kidole kilichotobolewa ni changu. Mkono wa kulia nimeushona kushoto, nikafumua, nikaushona kushoto tena. Dada kauliza namshonea nani. Nikamjibu najishonea mimi. Kakimbilia jikoni, nikamsikia anacheka peke yake. Wivu!

Jumamosi, 17 Julai.
Nimelijaribu. Kiunoni linanibana, kifuani pamebaki nafasi ya kutosha mikungu miwili ya ndizi. Matundu ya vifungo yako upande nisiouzoea, nimefanya mazoezi mpaka vidole vikakakamaa. Dada kasema kuna jambo lazima anieleze kuhusu shati hili. Nimemwambia anyamaze, asinitie mkosi.

Jumapili, 18 Julai.
Aibu! Aibu! Aibu!
Nilianza vizuri. Nikamwamkia Mzee shikamoo, akapapasa mshono, akakiri kweli hii si kafa Ulaya. Edina akatabasamu. Ndipo mama yake akaniuliza kwa upole mbona nimevaa blauzi.
Blauzi! Kilian, aliyekwisha kukaa na shati lake la fundi, akapaliwa na chai. Mtu mwingine angekufa palepale. Mimi nikasema ndiyo mama, ni blauzi, nimemshonea Edina, nimeivaa njiani tu isikunjamane.
Wakafurahi! Wakaniambia basi niivue, ajaribu. Imemkaa kama alipimwa. Mama kaagiza mbili, yake na ya shangazi. Mzee kasema blauzi ameiona, sasa anataka kumwona mwanamume: nirudi Jumapili ijayo na nguo ya kiume niliyoishona kwa mikono yangu, la sivyo Edina ataolewa na Kilian.
Nimerudi na singlendi tu mwilini, kwa baridi hii ya Julai. Meno yanagongana hadi sasa.

Jumatatu, 19 Julai.
Nimepona. Kosa halikuwa langu, ni la wazungu kuchanganya mizigo. Safari hii nashona suruali. Suruali haina kifua, nitakosea wapi?
Dada kasema niende kwa fundi mjini, au angalau nimwonyeshe kielelezo kabla sijakata kitambaa. Nimekataa katakata. Suruali ya kuigia nimeshaipata kwa Ramadhani, nimeshaifumua, nimeshakata. Pana nyongani, nyembamba kiunoni, na zipu haiko mbele kama za washamba akina Kilian. Iko ubavuni! Dada kaichungulia, kakimbilia jikoni tena.
Edina ni wangu.