Nilivyompamba Mfadhili Kabla Hatujamwomba

Leo uso wangu nimeuacha Lanham, na kuufuata siendi.

Mnajua mimi ni mmoja wa wale wanaoandika kwenye kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni. Yeyote anasoma, yeyote anaandika, hakuna anayelipwa. (Mama yangu bado anauliza mshahara unaingia lini.) Siku za wiki nahudumia wazee Temple Hills, huku Marekani. Jumamosi tunafundishana kuandika makala, kwenye chumba cha chini cha jengo moja Columbia Heights. Sasa wenye jengo wanakitaka chumba chao. Tusipopata kingine, darasa linakufa. Na mimi darasa lile ndiyo shule niliyoikosa, kwa hiyo mjue leo sikuwa natania.

Kiongozi wetu, Dada Wambui, nesi, Mkenya asiyependa mchezo, akapata miadi na Mzee Shayo, mwenye kampuni ya kusafirisha makasha kwenda Afrika. Mzee ana chumba kitupu ghorofani. Dada akaniambia, "Baraka, wewe uje tuonekane wengi. Lakini kuongea uniachie mimi."

Sawa. Kuongea nikamwachia. Kuandika hakunikataza.

Maana kwetu Tabora mgeni rasmi haombwi mchango hivi hivi. Kwanza anapambwa. Mshereheshaji anamsifu mpaka mwenyewe anageuka nyuma kuangalia ni nani huyo anayesemwa. Ndipo bahasha inatoka. Basi nikiwa kwenye treni nikafungua makala ya kampuni yake. Mistari miwili tu: ilianzishwa, inasafirisha, basi. Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikaongeza:

"Kampuni hii ni nguzo ya Afrika Mashariki nzima. Mzigo wake haujawahi kuchelewa. Mwenyewe ni mtu wa watu, mnyenyekevu, mwenye tabasamu lisilokauka."

(Mzee Shayo nilikuwa sijawahi kumwona.)

Tukafika ofisini kwake, Lanham. Shikamoo mzee, marahaba. Tabasamu, hata dalili. Kwenye kochi la pembeni alikaa mama Mkongo, mteja, anasubiri zamu yake. Mzee hakuzunguka.

"Nikiwapa chumba, mtaniandika vizuri huko kwenu?"

"Hapana, mzee," Dada Wambui akajibu. "Jina lako tutalibandika mlangoni kwa shukrani. Lakini makala haiuzwi. Hata utupe jengo zima, hakuna atakayeandika sifa zako."

Jasho likaanza kunitoka. Kumbe kuna sheria hiyo. Jumamosi ilipofundishwa, mimi ndiye niliyetumwa sambusa.

"Ngoja nikuonyeshe," dada akaendelea, akaunganisha simu yake na runinga kubwa ya ukutani. "Ukurasa wenu huu hapa. Ona ulivyo mkavu..."

Akaisogelea runinga. Mzee akavaa miwani, akasoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesikilizia ladha. Alipofika kwenye "haujawahi kuchelewa", mama Mkongo akainuka kochini.

"Haujawahi? Papa, na mzigo wangu je? Tangu Pasaka naambiwa uko njiani."

"Kuna mtu ametuharibia," Dada Wambui akasema. "Lakini kwetu hakuna kujificha. Kila badiliko linabaki na jina la aliyeliandika."

Akafungua orodha ya mabadiliko. Nami ndipo nikakumbuka jina nililojisajilia. Likatokea ukutani, herufi kubwa kama bango la duka: Baraka wa Tabora, asubuhi ya leo.

Wote wakanigeukia. Hata mama Mkongo.

"Baraka."

"Naam, dada."

"Ni wewe?"

"Nilikuwa nampamba mgeni rasmi."

"Ai. Mimi namwambia mtu hatuuzi sifa, kumbe wewe umeshazigawa bure."

Akanipa simu nifute mwenyewe, pale pale, sentensi zinatoweka ukutani moja baada ya nyingine. Mzee akakohoa kidogo.

"Na hiyo ya tabasamu inatoka?"

"Hiyo hasa, mzee."

"Mke wangu angeipenda."

Nikaona darasa limekwenda na maji, tena kwa mkono wangu. Nikajikaza. "Mzee, mjinga ni mimi. Darasa halina kosa. Mimi ninyime, wao wape chumba."

"Wape, papa," mama Mkongo akadakia. "Hawa angalau uongo wao wanaufuta watu wakiona. Wewe wa kwako ni kila siku mzigo uko njiani."

Mzee akamtazama yeye, akanitazama mimi. Halafu akatabasamu. Tabasamu pana, lenye pengo, la mtu aliyeshikwa. "Twendeni juu mkakione chumba. Na wewe mama usiondoke. Nikishuka nampigia wakala wa Dar mbele yako."

Chumba tumepata. Mimi nimepata adhabu: Jumamosi nasoma sheria zote kwa sauti mbele ya darasa. Mtakaokuja, naomba mcheke nikishamaliza.

Ila lile tabasamu mzee analo kweli, jamani, nimeliona kwa macho yangu. Njiani nikaomba nilirudishe kwenye ukurasa. Dada Wambui anasema macho ya Baraka si chanzo cha kuaminika.