Swichi ya Mlango wa Nyuma

Jumatatu, 8 Mei 1995
Kioo cha mbele kushoto kimegoma. Nabonyeza swichi, kimya. Vingine vitatu vinapanda na kushuka bila taabu. Kwa nini hicho? Jumapili nakwenda Mgeta, kule milimani, kuwachukua wazazi wa Modesta, waje waone ninapoishi kabla ya kujibu barua yangu ya posa. Baba yake atakaa hapo hapo, mbele kushoto. Nimeshatangaza mtaa mzima kwamba mzee atashusha kioo kwa kidole kimoja. Nani alinituma?

Jirani yangu Amosi amepita, akauliza kuna tatizo gani. Nimemwambia nafuta vumbi. Tulipunguzwa kiwandani siku moja, yeye na mimi. Kiinua mgongo changu kikawa gari la Japani lenye vioo vya umeme, chake kikawa pikapu kuukuu ya vioo vya kuzungusha kwa mkono. Wivu lazima anao.

Jumanne, 9 Mei
Nimechomoa fyuzi ya vioo niikague. Nzima. Bila shaka ni nzima, vioo vitatu si vinafanya kazi? Hilo nimelikumbuka baada ya kuiangusha mtaroni. Saa nzima nimepekua tope mpaka nikaipata, Amosi akiwa amekaa barazani kwake anakunywa chai.

Jumatano, 10 Mei
Kwa fundi Lukasi, Mwembesongo. Ameweka sikio mlangoni, akaniambia nibonyeze. Akasema mota ikilia na kioo kisitembee, ubovu uko kwenye waya unaokivuta. Kukiwa kimya, ni swichi au mota. Akang'oa swichi ya mlango wa nyuma kushoto, akaichomeka mbele. Kioo kikashuka! Nusura nimkumbatie.

Swichi mpya itatoka Dar Jumatatu. Lukasi akataka kuirudisha ile ya nyuma, nikamzuia. Ibaki mbele. Akanionya kwamba kioo cha nyuma hakitashuka hata nikibonyeza kwangu kwa dereva, maana umeme wake unapitia kwenye swichi ile ile. Nikamjibu kwamba Mgeta ni baridi, nani atataka kufungua? Tundu la swichi nimelibandika plasta nyeusi. Halionekani, ukitazama haraka.

Ijumaa, 12 Mei
Modesta anasema mjomba wake, Mzee Joseph, naye anakuja. Nimemwambia nyuma kuna nafasi. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wake, kwamba kwao Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye anayesema ndiyo au hapana, na baba husikiliza. Nimeitikia. Najua ni maneno ya heshima tu. Kwetu Bukoba baba ni baba, na baba hawekwi nyuma.

Nampenda mno huyu binti. Nikimkosa sijui nitakuwa mtu wa namna gani.

Jumapili, 14 Mei
Nimeharibikiwa.

Shikamoo zangu zote ziliitikiwa vizuri. Baba mbele. Mjomba nyuma kushoto, mama yake Modesta kulia, katikati tenga la kabichi za zawadi. Baba alikishusha kioo, akakipandisha, akakishusha tena, akicheka. Nikajiona nimeshaoa.

Kisha zikaanza kona za mteremko. Mjomba akapapasa mlango, akakuta plasta. Akaomba kioo kishushwe, kichefuchefu kimemshika. Nikamwambia ni cha kisasa, hushuka chenyewe hewa ikipungua. Tukasubiri hewa ipungue. Akaomba nisimame. Pale palikuwa tope tupu, ukisimama hutoki, nikamwomba avumilie kona mbili. Ya kwanza aliivumilia. Ya pili alitapika kwenye kofia yake, na iliyozidi ikanimwagikia mgongoni, kwenye koti la suti. Mama akawa anampepea kwa jani la kabichi.

Tulipofika lami Mzumbe mjomba akateremka. Na nani alikuwa anapita na shehena ya nyanya? Amosi. Mjomba akapanda mbele kwenye pikapu, akazungusha kioo mwenyewe hadi chini, wakaondoka. Nilipofika nyumbani walikuwa wameshaoga.

Baada ya chakula alichopika Modesta nilimgeukia baba, nikatoa hotuba niliyoikariri wiki nzima. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamtazama mjomba. Mjomba akasema nyumba ameiona, ni nzuri. Gari ameliona, ni zuri. Ila mtu anayemficha mkwe ubovu wa kioo, ubovu wa moyo wake ataufichaje? Barua yangu inarudi mlimani. Itajibiwa baada ya mavuno, ikijibiwa. Modesta alilifua koti langu, akalianika, akaenda zake. Amosi ndiye aliyewarudisha.

Jumanne, 16 Mei
Swichi imefika, Lukasi ameifunga. Vioo vyote vinne vinafanya kazi, na hakuna wa kuvitumia.

Modesta ameleta ujumbe. Nipande Mgeta mwenyewe, hata kwa miguu, nikamwombe mjomba radhi na kumweleza ukweli wote. Anasema si mtu mgumu.

Nimetafakari sana. Ukweli ni kwamba mjomba alikosa hewa. Basi apewe hewa. Kuna mtu Mazimbu ana gari la Japani ambalo paa lake lina dirisha la umeme, na amekubali tubadilishane kesho. Mjomba atakaa katikati, chini ya dirisha, baba mbele. Mwenye gari anasema kufunguka linafunguka vizuri sana. Kufunga ndiko kunakosumbua, hasa mvua ikinyesha. Hilo mjomba hana haja ya kulijua.