Kiti cha Mkuu wa Usalama

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata kazi! Yaani, nimejipa. Ule ufuo wa mbali hauna mlinzi, na mimi nina filimbi. Wageni watamiminika, na shemeji yangu seremala ataacha kuniita Bwana Kesho mbele ya dada yake, mke wangu. Ufuo wenyewe mpole kupita kiasi. Wimbi hakuna. Maji yamelala kama chai iliyosahauliwa mezani. Yakipwa, huyaoni. Yakirudi, huyasikii. Hata ndege hawatui.

Jumanne, 4 Juni
Mlinzi lazima akae juu. Shemeji kaninyima mbao. Eti si za kujengea vichekesho. Sawa! Nimeona miti imechomekwa kwenye matope, mstari mzima kuelekea majini, haina kazi. Nimeing'oa yote. Kiti kimesimama, na ngazi yake. Kinayumba, lakini kwa heshima.

Jumatano, 5 Juni
Nimekuta nyayo mbichi, kutoka majini hadi chini ya kiti. Za kurudi, hakuna. Nimefurahi sana: mgeni wa kwanza, na hajaondoka!

Alhamisi, 6 Juni
Shemeji kaja kunicheka. Kauliza kwenye kiti hiki nanyoa watu au nawaokoa. Kisha akajitosa matopeni, aende mbali, nione kwamba usalama hauhitaji mkuu.

Ukungu ukashuka. Nikageuka: maji yalishatuzunguka kwa nyuma, bila hata kunong'ona. Mara nikamsikia shemeji akilia huko mbele, miguu inazama, miti iko wapi, ile miti ya kuonyesha penye ardhi ngumu, nani mwendawazimu kaing'oa?

Nikatazama chini. Nilikuwa nimeikalia.

Nikapuliza filimbi. Ikajibiwa. Upande wa bahari! Nikapuliza tena. Ikajibu, karibu zaidi. Mwishowe shemeji akatokea anatambaa, matope mpaka kidevuni, akapanda kwangu bila neno la kejeli. Kisha akanishukuru, mimi! Kasema nimefanya vyema kutangulia mbele yake nikipuliza, hatua kwa hatua, hadi akafika penye ugumu.

Nikamwambia sijashuka kitini tangu asubuhi.

Tukakaa tumebanana, magoti yakigongana, mpaka maji yalipoondoka.

Ijumaa, 7 Juni
Nyumbani moto. Mama watoto kaapa sitakula kwake mpaka miti irudi mahali pake. Nusura nimuulie kaka. Shemeji hatoki chumbani, na akisikia birika likipiga mluzi anaruka.

Nimekwenda ufuoni kuirudisha, kweli kabisa. Nikakuta kiti kimelowa chepechepe, na nyayo zimepanda ngazi. Hazikushuka.

Nimefikiri sana. Mtu anafika mapema, anajua matope yote, hadai mshahara. Mtu kama huyo hawezi kuachwa asimame! Miti imebaki mitatu tu ya ziada, itatosha kumtengenezea kigoda.

Nitampa unaibu. Mkuu ni mimi.